Usiilete Mashine ya Rota Mbili

Nyarugusu, Geita

Kaka yangu Ambakisye,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanicheka kabla sijamaliza, nakujua. Wifi hajambo? Mgongo wa mama umetulia? Mimi afya ninayo, ila moyo haujakaa sawa tangu wiki iliyopita.

Uliniuliza kombaini ipi ya kuvunia inafaa huku, kabla hujachukua ile kubwa ya rota mbili. Nianze na hilo. Hii ninayoendesha ina rota moja, lile pipa linalozunguka na kupura, iliyolala kwa urefu, yenye meno, na inatembea kwa minyororo ya raba. Mpunga wa huku unavunwa mabua yakiwa bado mabichi. Meno yanayavuta na kuyachana, mabua hayajisokoti. Mwaka jana kwenye dengu za Shinyanga nilipunguza mwendo wa rota, nikapanua nafasi kati yake na wavu wa chini, punje zikatoka nzima. Rota mbili ni tamu kwenye ngano kavu na tambarare kubwa. Huku mabua mabichi yatazifunga, na magurudumu yatazama kwenye udongo mweusi. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ndiyo inayoninyima raha.

Mimi na mashine tumehamia kwenye bonde la mjane mmoja, Mama Kulwa. Ng'ambo yake kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na mengine yamepita chini kwa chini mpaka chini ya mpunga wake. Masika ya mwaka juzi moja liliporomoka mwanawe Kulwa akiwa ndani. Hawakumfikia. Katikati ya shamba kuna kipande cha ukubwa wa chumba ambacho hakivunwi, mpunga wake unapukutika wenyewe. "Hapo ni pa kwake," aliniambia, kama anayekuonyesha kitanda cha mtu.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Nilipokikaribia kipande kile nikasikia rota inagonga. Unajua kawaida yetu: sauti ikibadilika, zima, sikiliza. Nikazima. Rota ikapungua mwendo, ikanyamaza. Kugonga hakukunyamaza. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nikafungua mfuniko, nikapapasa ndani, hakuna jiwe. Ndipo nikahisi kwenye nyayo. Kulikuwa kunatoka chini.

Nami, kwa mazoea ya kifundi, nikachukua spana nikagonga fremu mara tatu, kama ninavyopima chuma kilicholegea. Chini kukawa kimya. Mama Kulwa, aliyekuwa akipepeta pembeni, akaangusha ungo.

"Mayu wane, mama yangu! Umemjibu?"

"Nimemjibu nani, mama?"

"Aliyefukiwa anagonga. Aliye juu hagongi mpaka kamba iwe mkononi. Ukigonga umemwambia unakuja kumtoa." Akakaa chini palepale. "Mimi mama yake sijawahi kugonga. Wewe mgeni umegonga."

Kaka, niliogopa. Vijana wa maduarani wanasema labda ni wachimbaji wengine wanaopita chini. Nilitaka sana kuwaamini. Nikaenda kutazama mwenyewe: maduara yote ya upande ule yamejaa maji tangu masika.

Sasa huyo anayekuahidi kazi ukileta mashine kubwa ni shemeji yake Mama Kulwa. Anataka bonde lote livunwe, na kile kipande pia. Uzito ule ukipita pale ardhi itatitia, na kwenye usukani nitakuwa mimi. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sitaki kuwa mgeni aliyemfukia mtoto wa mtu mara ya pili. Ukiileta, tafuta dereva mwingine.

Tangu siku ile, kila nikizima mashine kunagonga. Si mara tatu tena. Mara moja tu, taratibu, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Nisalimie wifi, na mjomba fundi cherehani, na shangazi aliyenifungia kitenge siku ya safari. Mama umwambie aniombee, usimwambie kwa nini.

Asubuhi hii Mama Kulwa ameleta chakula shambani, sahani mbili. Nikamuuliza ya pili ni ya nani. Akaweka kando ya sahani hiyo kamba mpya, ndefu, imekunjwa vizuri.

"Ya kwake," akasema. "Utashuka nayo."

Mdogo wako, ambaye mpaka sasa hajala,

Atupele