Mwandiko wa Narae

Seoul, 4 Machi

Mdogo wangu Dokyong,

Hujambo? Mama goti linaendeleaje? Mimi nipo nipo tu. Kampuni inayosimamia kazi zangu imeninyang'anya simu, ndiyo maana nakuandikia barua.

Umeshasikia. Kuna mtu kaandika mtandaoni, bila jina, kwamba nilimtesa tulipokuwa sekondari Gunsan. Mabango yangu ya kutangaza pombe ya soju yamebanduliwa. Tamthilia yangu mpya inaanza Jumamosi. Nisipotoa barua ya kuomba radhi kwa mkono wangu, wananikata. Na mwandiko mashabiki wanaoujua ni wako! Barua zote za kuwajibu, tangu naanza kuigiza tungali shuleni, uliniandikia wewe. Niandikie na hii, mpenzi. Usiweke "kama kuna aliyeumia". Siku hizi barua hizi zinachambuliwa kuliko filamu zenyewe. Namshuku Misuk tuliyesoma naye, yule mmbea.

Dada yako,
Narae

Gunsan, 7 Machi

Dada Narae,

Salamu nimepokea. Mama hajambo, ila goti bado.

Misuk unamwonea bure. Yale ya mtandaoni niliandika mimi.

Ulidhani nilikuandikia kwa mapenzi? Siku niliyokataa ulinifungia choo cha shule mpaka jioni, wewe na wenzako mnacheka nje. Nikatoka nikaandika barua arobaini. Ukanipa mkate, ukaniita mpenzi. Miaka kumi na miwili watu wanasifu mwandiko wako, eti una moyo safi, nami nauza dawa huku nimeuma meno. Leo unataka nijiombe radhi mwenyewe! Hebu shika kalamu.

Dokyong

Seoul, 12 Machi

Dokyong,

Hata hujambo naona aibu kuiandika. Barua yako niliichana kwa hasira. Kisha nikaukumbuka ule mlango. Kitasa nilikishika mimi.

Nimeandika mwenyewe, herufi zimelala kama walevi, na mlango nimeutaja. Watu wanacheka: "Si mwandiko wake huu, hata radhi kaandikiwa na meneja!" Kampuni ilitaka niseme nimevunjika kidole. Nimekataa. Tamthilia imeanza bila mimi.

Nilikukosea. Sikuombi kitu.

Narae

Gunsan, 20 Machi

Dada Narae,

Mama anakusalimu, hajui lolote.

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini jana niliandika mtandaoni, safari hii kwa jina langu: mwandiko mbaya ni wake, mzuri ni wangu. Nimeweka na picha za madaftari yetu ya shule. Sasa wanakuita mwongo wa miaka kumi na miwili. Hilo nalo ni kweli.

Barua yako nimeisoma mara nne. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Dokyong