Mlinzi wa Kwenye Televisheni

Mjukuu wangu Hawayu,

Sisi hapa Idsowe hatujambo. Mpunga umeanza kuchanua, na mama yako amepona kikohozi.

Umeniuliza kama ulikosea kucheka kile kipindi cha vichekesho, maana rafiki yako alinuna.

Nilipokuwa mchumba wa babu yako, alinipeleka hoteli moja ya Garsen tutazame televisheni. Wakati huo alikuwa mlinzi wa ghala. Kwenye kipindi, mlinzi alisinzia na tochi mkononi, wezi wakambeba pamoja na kiti chake. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Kugeuka, babu yako hacheki. Nikajua uchumba umekwisha.

Njiani nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akashangaa. "Yule hajui kuigiza. Mlinzi hasinzii na tochi mkononi, itaanguka imwamshe. Huibana kwapani."

"Wewe umejuaje?"

Akacheka kuliko nilivyocheka mimi.

Kwa hiyo muulize rafiki yako ni nini hasa kilichomuudhi. Mimi nilikisia, nikatembea nusu ya njia nikimlilia mchumba ambaye hata hakuwa amekasirika.

Babu anakusalimu. Anasema vichekesho vya siku hizi navyo vimeigizwa vibaya.

Nyanya yako,
Habwoya