Ruta ya Ghalani Niliiharibu Mimi

Kaka Lusekelo,

Sijui naanzaje. Kukuuliza hali ni upuuzi, udongo wa Ikinga nilikumwagia kaburini kwa mkono wangu.

Nianze na kazi basi. Mtandao wa ofisi ya mizigo na ule wa ghalani bado inapiga kazi vizuri. Nafasi yako bosi amenipa mimi. Hadi juzi, akifurahi alikuwa ananiambia, "Wewe Neema angalau unajua, siyo kama yule kanjanja." Na mimi nilikuwa nacheka, kaka. Nacheka kabisa, meno nje.

Unaikumbuka siku tuliyoiunganisha. Ofisini mtandao wake, ghalani mtandao wake, kila upande na ruta yake, waya katikati. Wewe ukashika ya ofisini, mimi ukanituma ghalani. "Sikia, wewe Mnyiha mbishi," ukasema, "ruta haina akili. Usipoiambia upande wa pili uko wapi, ujumbe utafika na jibu halitajua pa kupita." Nikaitikia. Nikaona taa za kijani, nikakupigia: "Tayari, kaka." Njia ya kurudi sikuiandika. Kujaribu sikujaribu. Nilikuwa na njaa, nataka kwenda kula, basi.

Asubuhi yake ofisi ikawa inaomba nyaraka ghalani, kimya. Malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yamesimama, madereva wamejaa dirishani wanafoka. Bosi akakupasukia mbele yao wote: "Fundi gani wewe? Kanjanja tu!" Ulikuwa umeshaikagua ruta yangu. Ulikuwa unajua. Ukanitazama mara moja, nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

Hukunitaja. Ulikwenda ukaandika mstari mmoja tu, mambo yakaenda, ila jina likakuganda. Hata bodaboda wakawa wanakuita Kanjanja. Nikajiambia nitasema wiki ijayo, nitasema mambo yakipoa. Halafu ukaugua ghafla, hata wiki haikuisha tukakuzika.

Msibani wifi alinivuta pembeni. "Hivi kweli mume wangu kazi alikuwa haijui?" Unajua nilimjibu nini? "Achana na maneno ya watu, wifi." Mungu wangu! Maneno ya watu, na ukweli wote nilikuwa nao mimi kifuani.

Juzi nilimwambia bosi ukweli ofisini kwake, mlango umefungwa. Akasema hayo yamepita, niendelee na kazi. Nilitoka nimepumua, kisha nikajichukia. Wewe hukutukanwa mlango ukiwa umefungwa.

Pumzika, kaka, na ukiweza unisamehe. Kesho asubuhi, madereva wakishajaa pale dirishani, nitasema kwa sauti kila mtu asikie. Wakinizomea, wanizomee. Bosi akinifukuza, anifukuze. Nikitoka hapo napanda gari la Ileje kumfuata wifi, na nakuahidi nitamwambia hivi, nikimtazama usoni: mumeo kazi aliijua. Aliyeiharibu alikula wali wa msiba hapa kwako, akanawa mikono, akanyamaza.

Mdogo wako wa kazini,
Neema