Mzungu Aliyeishia Barazani

Guangzhou, Jumamosi mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na assalam alaikum kwa wote mlioko hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unapaka kweli, au umeiweka kabatini inapendeza macho? Mimi mzima, nimekonda kidogo, lakini nina furaha mpaka najionea haya njiani. Ningekupigia simu, ila ukisikia neno la kwanza tu utapiga vigelegele na mengine hutayasikia, nami nataka uyasikie yote. Barua anakuja nayo Mama Furaha, yule mfanyabiashara wa Lubumbashi ninayemtafsiria Kichina sokoni. Atashuka Dar kufuata kontena lake, kisha ataitia kwenye boti ije Unguja.

Mama, juzi nilisimama mbele ya watahini watano kuitetea tasnifu yangu ya udaktari wa historia. Miaka minne ya kile unachokiita "kijiufalme chako"! Najua shangazi zangu wanakucheka, ati mtoto kapelekwa China kusoma habari za India. Basi waambie hivi: kijiufalme chenyewe kilikuwa na ngome yake pwani ya India, na masultani wake walikuwa weusi kama sisi, wazao wa watu waliovuka bahari kutoka upande huu wetu wa Afrika. Waingereza walipoitawala India hawakuvifuta vijidola kama hivyo. Walimwachia mkubwa wake kiti, kilemba na mizinga ya salamu, wakamtuma afisa wao awe anakuja kumchungulia. Swali langu lilikuwa moja tu: yule bwana alikuwa bado mtawala, au pambo?

Profesa Liang, mkuu wa watahini, alishaamua zamani kuwa ni pambo. Ushahidi wake ni ripoti za maafisa wenyewe. Kila afisa anaandika kwa maringo kwamba mtawala alishuka mwenyewe mpaka lango la nje kumpokea, akamkalisha kwenye zulia kivulini, akampa marashi, tambuu na vyakula vya kila namna. "Mtawala anayemkimbilia afisa mdogo langoni si mtawala," Profesa aliniambia, akanirudishia sura nzima niiandike upya. Na ufadhili wangu unakwisha mwezi huu, kwa hiyo nikianguka narudi nyumbani mikono mitupu. Nililia, Mama, leo sikufichi.

Ndipo ukanipigia ile Ijumaa kunihadithia yule dalali anayeitaka nyumba yetu aifanye hoteli. Ulisema, "Nimemtandikia mkeka mpya barazani, nikampa kahawa na halua. Kila akitaka kuingia apime vyumba, namwongezea halua. Kaondoka ananishukuru!" Ukacheka weee! Mimi huku nimesimama katikati ya soko la vitambaa la Zhongda, jora la Mama Furaha begani, nikapiga ukelele. Wauzaji walidhani nimeibiwa. Mama Furaha akanishika mkono, "Ma fille, binti yangu, kuna nini? Nani amekufa?" Nikamwambia hajafa mtu, mama yangu kaniokoa.

Nikarudi mbio kwenye zile ripoti, nikazisoma zote upya, nikitafuta jambo moja: ni afisa gani aliyeingia ndani? Hakuna, Mama! Wanalisifu lango, wanalisifu zulia, wanaisifu sharubati. Mmoja analalamika kwamba aliomba kukiona chumba cha hazina, akaletewa sahani nyingine ya pilau. Wallahi nilikuona wewe mwenyewe!

Basi siku yenyewe nikayasema hayo. Sikudai kwamba yule mtawala alikuwa huru, maana Waingereza walimbana, na mengi walimpokonya. Nilisema alichobakiwa nacho alikilinda kwa adabu, kwa kumpokea mgeni nje kwa heshima kubwa hata mgeni asitambue kwamba kazuiwa. Profesa Liang akakunja uso. "Desturi ya mama yako si ushahidi."

Hasira ikanipanda, unanijua. Nikamwambia, "Basi tuiache ya mama yangu, tuje ya kwenu. Pale Shisanhang ninapokwenda kununua nguo na wafanyabiashara, zamani zilikuwapo nyumba za Wazungu waliokuja kufanya biashara. Kwa nini zilijengwa pale, nje ya ukuta wa mji?"

"Kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia mjini."

"Chai waliuziwa?"

"Waliuziwa."

"Na hariri?"

"Hata hariri."

"Na mji ulikuwa wa nani, Profesa?"

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakamtikisika. "Wetu," akasema. Wakanitoa nje kidogo, wakaniita. Nimepita, Mama! Wote watano wametia saini, na ile sura aliyonirudishia ndiyo anayotaka nianze kuichapisha. Haya, piga vigelegele sasa, ruhusa!

Nisalimie kaka Suleiman, ambaye najua ndiye anayekusomea hii, na asiruke mstari. Msalimie wifi na ujauzito wake, mjomba mwenye duka la baiskeli, na bibi mzaa baba, umwambie dua zake zimefika. Shangazi zangu wasalimie kwa sauti kubwa.

Lakini siifungi barua kabla sijakwambia hili. Yule Profesa, miaka minne hakuwahi kuinuka kitini nikiaga ofisini kwake. Juzi aliinuka. Akanisindikiza, Mama, kama tunavyosindikizana kwetu. Tukateremka ghorofa tano kwa miguu, na lifti ipo, ananiuliza habari zako, halua inapikwaje, dalali alirudi tena au vipi. Tukakatiza uwanja mpaka geti kubwa la barabarani. Nikamwambia, "Basi Profesa, inatosha, rudi."

Akasema, "Bado kidogo, Daktari."

Ni mimi binti yako,
Zuhura