Ramani Iliyoita Shamba Letu Mto

Duka la Vitabu na Fotokopi,
Mkabala na kinu cha kusaga,
S.L.P. 19.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, na kabla hujauliza: ndiyo, bado nagombana na watu, kwa hiyo jua kwamba afya ninayo. Wewe je? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama zamu nzima kiwandani umepoa, au bado unaudanganya kwa vidonge? Wifi yangu hajambo? Na watoto, wanakua au wanarefuka tu kama mianzi?

Sisi huku wazima. Shangazi ametimiza miaka themanini na miwili. Magoti yanamlalamikia, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote. Juzi kamwambia mganga mkuu wa zahanati kwamba sindano zake zina kutu kama maneno yake, na bado alihudumiwa wa kwanza.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu wewe husema "sawa dada, sawa dada" huku macho yako yapo kwenye televisheni. Jambo hili nataka ulisome mara mbili, umekaa.

Mwezi wa tatu mashine ya halmashauri iliharibika. Karani wao akaja dukani na karatasi moja, anataka nakala arobaini. Unanijua, sijawahi kubonyeza kitufe kabla ya kusoma. Ilikuwa ramani mpya ya mji. Barabara zipo, soko lipo, hata choo cha stendi kipo na kimepewa namba. Lakini bondeni, kote tunakolima, pamepakwa buluu na kuandikwa "mto". Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: eneo lisilo na wamiliki, litakodishwa kwa mwekezaji wa miwa.

Nikamuuliza karani, "Wewe mtoto wa kinyozi, mama yako analima wapi?"

"Bondeni, mama."

"Basi mama yako ni kambare?"

Akacheka. Kisha akaitazama tena ile karatasi, akaacha kucheka.

Ilikuwaje? Mpima wao alikuja wakati mto umepanda. Akasimama darajani na mabuti yake mapya, akaona maji, akachora maji. Hakuuliza mtu. Wewe umezaliwa hapa, huna haja ya kufundishwa: miezi mitatu bonde huwa chini ya maji, kisha mto unarudi kitandani mwake na kutuachia tope jeusi, na tope likipasuka nyufa za kuingia kidole ndipo tunapopanda. Vizazi na vizazi. Kuliita bonde letu mto kwa sababu ulilikuta na maji ni kumkuta mtu usingizini ukamwandikia cheti cha kifo.

Nikaandika barua. Kurasa tisa, mdogo wangu! Niliwatia humo wanafalsafa na wanahistoria wote ninaowauza dukani na hakuna anayewanunua. Nilijisomea kwa sauti, nikajipigia makofi. Baada ya wiki tatu afisa ardhi akanijibu kwa mstari mmoja: "Barua yako imepokelewa na kuhifadhiwa." Imehifadhiwa! Kama samaki wa chumvi.

Shangazi aliposikia kaniuliza, "Katika hizo kurasa tisa, kuna hata moja yenye tope?" Nikazipitia upya zote tisa. Hakuna. Ulijue hili pia, maana wewe hupenda kusikia siku ambazo dada yako kashindwa.

Sasa nije kwako. Najua wamekutumia fomu. Wamewatumia nyote mlio mbali, mkiri kwamba hamna dai lolote bondeni. Mtoto wa fundi cherehani kasaini na kurudisha siku ileile, kana kwamba kaombwa risiti. Hesabu yao ni nyepesi: walio mbali wakikana, waliobaki wataitwa wavamizi. Kama hujasaini, mkono wako ukauke ukijaribu. Kama umeshasaini, usinifiche. Nitakugombeza kisha nitakuandikia barua ya kuifuta.

Sasa sikia kilichotokea wiki mbili zilizopita.

Maji yaliporudi mtoni tulimwandama afisa ardhi mpaka akakubali kushuka bondeni na mpima wake. Tulikuwa watu kama sitini, tope linafika kwenye vifundo. Akajisafisha koo, akaanza na lile somo lao kwamba mji huu ulianza na daraja, na kabla ya daraja hapa palikuwa pori.

Shangazi, kwenye kigoda chake, akamkata: "Baba, hilo daraja walijenga ili wavuke waje kwa nani? Kwa nyani?"

Watu walicheka hata mpima akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Afisa hakucheka. Akasema, "Haya. Mnasema mashamba. Shamba lina mpaka. Mimi sioni jiwe, sioni uzio, sioni hata mti. Nionyesheni mpaka mmoja tu."

Hapo watu wote wakatazama miguu yao, na wewe unajua kwa nini. Mpaka wetu haujawahi kusimama juu ya ardhi, kwa kuwa mto hubeba kila kilichosimama. Wazee wetu walikuwa wafinyanzi kwenye ukingo huu kabla ya daraja na kabla ya barabara, na kila penye mpaka walifukia chungu kimoja, mdomo chini, kina cha mkono hadi kiwiko. Kwenye ukingo wa chungu kila nyumba ilitia alama yake ikitazama upande wake. Na chungu hicho hakifukuliwi. Kikishatoka mahali pake, nani ataaminiwa kukirudisha?

Nilimtazama Shangazi. Yeye ndiye aliyetuchapa mimi na wewe tulipokuwa wadogo kwa kuchokoachokoa pale kwa vijiti. Aliinama kwenye kigoda, akagusa tope kwa kiganja. Kisha akasema, "Chimba. Wasiotaka kuona chini waonyeshwe."

Nikachukua jembe, nikaenda mahali Baba alipotuonyesha maisha yake yote. Nikachimba. Hakuna. Nikasogea kidogo, hakuna. Mara ya tatu, mara ya nne, tope tupu, na jasho linaniingia machoni mbele ya halaiki. Afisa akaangalia saa yake. Akamwambia mpima, kwa sauti ya kusikika, "Andika: hakuna mpaka."

Ndipo akaja Misumari.

Ndiyo, yuleyule. Fundi mitumbwi, jirani yetu, ambaye uliondoka hapa bila kumuaga, kwa sababu tulinyonyeshwa pamoja na maziwa kwamba baba yake alituibia ardhi. Akaninyang'anya jembe bila salamu. Akahesabu hatua kuelekea kwetu, ndani ya shamba letu, mdogo wangu, si lake: moja, mbili, mpaka saba. Akapiga. Jembe likalia.

Kilikuwa kizima. Upande wa kwao kina duara. Upande wa kwetu kina zile alama tatu za kucha, zilezile zilizoko kwenye mtungi wa bibi, ule ambao wewe ulivunja sikio lake ukasingizia paka.

Kwa hiyo lisome tena polepole. Hatua saba tulizokuwa tukilima ni za watu. Tulioibiwa ni wao. Sijui kama Baba alijua au naye alirithi uongo kama tulivyorithi sisi, na sitamtetea kwa nisichokijua, ingawa nilimpenda. Nilimuuliza Misumari kwa nini miaka yote hii hakusema. Akasema, "Baba yangu alinionyesha nikiwa mdogo. Lakini baba yenu alikuwa akijibu kabla hujamaliza swali. Kama wewe."

Afisa alifurahi kupita kiasi. "Mnaona? Hata wenyewe hamjui mipaka yenu! Mnagombana hapahapa mbele yangu!"

Na hapo ndipo kurasa zangu tisa, ambazo hazikuwa na tope, zilipopata la kusema. Nilimwambia: "Bwana afisa, umewahi kuona watu wawili wakigombania mpaka wa mto? Kambare na perege wameshawahi kuletana ofisini kwako? Andika. Tafadhali, andika ulichokiona leo, kwa mkono wako."

Kwa ile furaha yake akaandika. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo Shangazi anasema lilimtisha kuliko mafuriko. Akamaliza, nikamwomba asome kwa sauti. Akasoma: "Umebainika mgogoro wa mpaka baina ya wakulima wawili, kuhusu hatua saba za shamba, kwa mujibu wa alama ya zamani iliyofukuliwa."

Wakulima. Shamba. Mpaka. Alama ya zamani. Kwa mkono wake, na muhuri akagonga mwenyewe, karatasi ikiwa mgongoni mwa mpima. Alipoinua macho akaona tunavyomtazama, akaelewa, akataka kuichana. Mpima akamwambia, taratibu, "Mzee, na mimi nimeshachukua vipimo." Yule kijana wa mabuti, nilimtukana miezi mitatu, nimemwomba radhi.

Mashine ya halmashauri bado ni mbovu. Unadhani nakala za muhtasari zilitolewa wapi? Walitaka tatu. Nilitoa mia mbili. Zimebandikwa kwenye kinu, sokoni, kwa kinyozi, na kwenye mlango wa choo cha stendi chenye namba.

Hatujashinda, nisikudanganye. Shauri litasikilizwa kwenye baraza la ardhi tarehe ishirini na tano mwezi ujao, na mwekezaji wa miwa ana wakili mwenye tai mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Lakini tangu siku ile watu wamefukua vyungu kumi na vinne, na mpima kavitia vyote kwenye ramani, juu ya ile buluu yao. Waje. Walitaka mpaka mmoja.

Jambo la mwisho nimelifanya bila kukuuliza, na siombi msamaha. Zile hatua saba zilikuwa upande wa fungu lako. Nimezirudisha, mbele ya watu wote, palepale. Siwezi kusimama barazani kudai kwamba chungu husema kweli, kisha nikiambie kinyamaze kinaponisema mimi. Kama unaona nimekudhulumu, chukua hatua saba kutoka upande wangu. Ila usichukue kutoka kwenye ukweli.

Chungu tumekirudisha mahali pake, mdomo chini. Mimi nilishika upande wa alama tatu, Misumari upande wa duara. Shangazi akatutazama akasema, "Upande wa huku pamepungua mkono mmoja." Njoo kabla ya tarehe ishirini na tano. Uje na mkono huo, na ukifika anzia kwa Misumari. Nimemwambia utakwenda kumsalimia. Akasema atakuwepo, ana mtumbwi wa kuziba.

Nisalimie wifi, nisalimie wapwa zangu wote wawili, na yule mzee jirani yako anayekukopesha magazeti. Shangazi anakuombea ulale vizuri na uamke mkaidi. Ile fomu usiichane. Niletee. Upande wa nyuma ni mweupe, na mimi bado nina nakala za kutoa.

Wako akupendaye hata unapomkera,

Dada yako