Foto Iliyotoka Montréal

Jumatatu, tarehe 5 mai 2003

Umeme umerudi. Edouard, mukubwa wangu ku bureau, anafurahi – watu wa forum ya internet wameitikia. Tuliwaandikia wana-Bukavu walio mbali, Bruxelles, Lyon, Nairobi, watutumie foto zao, tuziweke ku site ya association yetu. Mwenye kutuma anakubali tuitumie, na sisi tunaandika jina lake. Kazi yangu: kuchagua, na kuandika maneno ya chini. Leo harusi ya Kadutu, timu ya mupira, maman moja anacheka na sahani ya bugali. Kwa saa nzima nilisahau vita.

Nyumbani Maman amepima robe ya harusi tena. Siku ya yenga, mu misa, padri atatangaza ndoa yake na Papa Barthélemy.

Jumanne, tarehe 6 mai

Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama.

Foto moja imetoka Montréal, kwa mutu anaitwa Floribert. Bandari ya kisiwa cha Idjwi, watu wanapakia mananasi ndani ya boti. Nyuma yao mwanaume ameshika gunia, kichwa kimeinama upande. Ni Papa wangu.

Papa alienda Luvungi kutafuta muchele, octobre 1996. Vita ikatuangukia, hakurudi. Tulingoja, halafu familia ikafanya matanga bila maiti. Nilinyolewa nywele kama yatima wote.

Labda foto ni ya zamani, ya mbele ya vita. Tarehe haiko. Nimemuandikia Floribert: ulipiga mwaka gani? Kisha connexion ikakatika.

Jumatano, tarehe 7 mai

Jibu hakuna. Risasi zinasikika upande wa Walungu, na mimi nafikiria gunia.

Edouard ameiona. “Hii njo ya page ya kwanza.” Nikamuomba tungoje, mwenye foto hajajibu. Akasema mwenyewe alishakubali siku aliyoituma. “Bintu, foto ya forum ni ya watu wote. Haiko yako.”

Sikumwambia. Nikaandika chini: Bandari ya Idjwi, foto ya Floribert. Maneno machache kama nini.

Alhamisi, tarehe 8 mai

Floribert amejibu. Août 2001, alipokuja kuzika mama yake. Na ameongeza, bila kuulizwa: huyo wa nyuma ni Papa Pascal, ana duka karibu na bandari, bibi yake ni muuguzi, wana mapacha. Mutu muzuri sana, alisaidia kubeba jeneza.

Pascal ni jina lake la ubatizo. Hapa kila mutu alimuita Aganze.

Mapacha. Wadogo zangu! Na sisi tuko ngambo tu ya maji yale yale.

Jioni Papa Barthélemy alileta samaki, akakaa jikoni anazipaa mwenyewe ili Maman apumuzike. Mabomu yalipoanguka mwaka ule wa vita, tukalala chini ya vitanda, yeye njo alikuja kugonga mulango kutuuliza kama tunaishi. Maman alikuwa anaimba. Nikala, nikaosha sahani.

Ijumaa, tarehe 9 mai

Watu wa forum wanaandika chini ya foto. Asubuhi walisifu mananasi tu. Halafu Apolline wa Bruxelles, zamani jirani yetu Nguba: “Huyu wa nyuma si Papa Aganze? Si tulimulilia?”

Nikafuta maneno yake. Akaandika tena. Mwingine akasema ndiyo, ni yeye, tazama kichwa. Nikatoa foto yote. Edouard akaja mbio: nani amenituma kugusa kazi ya watu?

“Ni baba yangu.”

Akakaa chini. Kisha akasema niiache palepale nilipoificha, yeye atajibu forum.

Ilikuwa tayari bure. Nilipofika nyumbani Maman alisimama mulangoni, simu mukononi. Apolline amepiga. “Kesho unanipeleka,” alisema, “unionyeshe.”

Jumamosi, tarehe 10 mai

Edouard alitufungulia bureau, akatoka inje, akatuacha.

Maman hakutaka kiti. Aliangalia muda murefu, akaweka kidole ku kioo.

“Shati yake imepigwa pasi.”

Aliniuliza nilijua tangu lini. Nikamusomea jibu la Floribert, hata mapacha, nikasema mwaka wa foto nimeujua Alhamisi, lakini uso niliujua Jumanne.

“Na ungeniacha nisimame mbele ya altare?”

Nilisema sijui. Ni kweli, sijui.

Kutoka pale alienda moja kwa moja kwa padri, akasimamisha tangazo. Kisha kwa Papa Barthélemy. Nilingoja barabarani. Mulango ulikuwa wazi, nikasikia sauti ya Papa Barthélemy, ya polepole: aende kwanza amuone huyo mutu kwa macho yake, yeye atangoja, hatahama Bukavu. Maman alitoka, hakufuta machozi.

Siku ya yenga, tarehe 11 mai

Bandari. Nimekaa juu ya muzigo wa mutu nisiyemujua, naandika. Boti ya Idjwi ingeondoka zamani, lakini askari wanaandika abiria wote, mumoja mumoja.

Maman hakuvaa robe mupya, hakuvaa ya matanga. Amejifunga pagne ya kila siku. Njiani aliniuliza wale watoto wakitoka mulangoni tutawaambia sisi ni nani. Nikasema wageni. Akasema mugeni haji bila kuitwa. Tukatembea.

Sasa Maman yuko mbele ya meza ya askari. Jina ametoa. Kijiji cha kuzaliwa, ametoa. Namusikia askari: umeolewa ao uko mujane?

Ameuliza tena. Kalamu iko juu.

Maman amegeuka, ananiangalia mimi.