Vyura wa Shangazi Honorata

Gonja, 4 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Honorata,

Shikamoo. Huku tu wazima, na kifua cha babu kimepoa. Naandika kwa sababu kwenye simu naona haya, maneno yananikimbia.

Baba anasema umealikwa kwenye katuni ya watoto, uchorwe na ueleze habari za vyura kwa sauti yako mwenyewe, nawe unataka kukataa, eti mtafiti wa chuo kikuu atachekwa. Usikatae, Shangazi. Hapa wanajua tu kwamba binti wa Mzee Zephania yuko Morogoro. Nikisema nataka kusoma kama wewe, wananiuliza, "Kusoma nini? Vyura?"

Binti yako,
Elinaza

Morogoro, 20 Machi 2025

Mwanangu Elinaza,

Marahaba. Sijambo, na nimekubali. Wamenichora na mabuti makubwa kuliko mimi! Ila ndiva yetu waliichora kama bwawa la hoteli, lenye vigae. Nikawaambia, "Ndiva ni udongo na mawe, inakusanya maji ya kumwagilia mashamba. Chura wangu atajificha wapi kwenye vigae?" Wakachora upya.

Katuni itaonyeshwa Jumamosi, tarehe 10 Mei, saa tatu asubuhi. Natamani baba yangu, babu yako, aone. Tangu nianze kazi hii hajaniuliza hata swali moja.

Shangazi yako

Gonja, 11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Umeamkaje baada ya kuonekana nchi nzima?

Jana pembe ililia alfajiri: msaragambo, kijiji kizima kuzoa tope la ndiva. Unamjua babu akisimamia, hatoki mtu. Saa tatu ikakaribia. Nikasema, "Babu, naomba tukatazame katuni."

Watu wakaangua kicheko. "Katuni ndiyo itazoa tope?" babu akauliza.

"Ni shangazi, babu. Anaeleza kazi yake."

Akatua jembe. "Basi twendeni wote."

Tukajaa dukani kwa Mama Fortunata, penye televisheni, miguu tope tupu. Ulipotokea na mabuti yako, mdogo wangu Melkizedeki akapiga kelele, "Ndiye!" Ukaeleza jinsi chura wako anavyojificha ndani ya tope la ndiva. Babu alivua kofia, akaishika mpaka mwisho.

Tuliporudi akatangaza, "Majembe chini. Zoeni kwa mikono. Mkiona chura, mwiteni Elinaza amhamishe." Waliniita mchana kutwa, hata wazee. Tulimaliza magharibi, na hakuna aliyenung'unika.

Leo baada ya ibada babu ameniuliza, "Hivi shangazi yako anawatofautishaje vyura, huyu na yule?" Barua ijayo mwandikie yeye, Shangazi. Anasubiri.

Binti yako,
Elinaza